Hasira Aliyoitema Mama

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na duka hapa Voi, na kama wenye maduka wengi alidhani ulimwengu mzima ni duka. Asili yake ilikuwa Mombasa. Asubuhi alipofungua mlango walikuja Wakamba na asali, Wataita na ndizi, Wahindi wa reli, Waswahili wenzake, na wote alizungumza nao vizuri. Jioni alipokaa barazani alipenda kusema kwamba amani ya Voi haikuletwa na dini wala na Mzungu. Ililetwa na haja. Watu hawakai pamoja kwa kupendana, alisema, hukaa kwa kuhitajiana, na mkono mtupu haulambwi. Kulikuwa na mzee mmoja, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyembishia kila mara. Yeye alishikilia kwamba watu wasipokuwa na halali moja na haramu moja watakulana kabla ya adhuhuri. Walibishana hivyo miaka na miaka, kahawa ikipoa, na mimi nikiwa ndani nakuna nazi, nawasikia, natamani kutoka niwaambie wote wawili wanyamaze.

Nilikuwa na haki ya kutamani hivyo. Mimi nilizaliwa juu mlimani kwa Wataita, upande wa Bura, na kule niliyaona hayo mawili, maadili na faida, yakifanya kazi pamoja juu ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mama yangu.

Shamba letu lilikuwa kwenye mteremko, na maji yake yalitoka katika mfereji uliochimbwa na babu zetu. Ulikuwa mfereji wa nyumba chache za ukoo mmoja. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya kufungulia maji, na kila kiangazi kilipokaribia wanaume walipanda kuuzibua, wakatoa mchanga na mizizi, wakaziba palipobomoka kwa udongo na majani ya migomba. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume tu. Mwanamke aliyagusa maji yalipofika shambani kwake, si kabla. Hakukuwa na askari wa mfereji wala hakimu wake. Katika utoto wangu sikusikia mtu ameiba zamu ya mwenzake, na mimi nilidhani ni kwa sababu tulikuwa watu wema.

Tulikuwa pia na jambo moja ambalo watu wa huku chini hawalijui, nalo ni kutasa. Kwetu iliaminika kwamba hasira ya ndugu inadhuru hata kama mwenyewe hataki. Hana haja ya kuroga, hana haja ya kusema neno. Ikikaa moyoni mwake, mtoto wa yule aliyemkosea ataugua, au ng'ombe wake atatupa mimba. Basi mgonjwa akishindikana, mbuzi huchinjwa na mjuzi husoma utumbo wake. Akisema ni hasira ya fulani, watu humwendea huyo fulani na kibuyu cha pombe ya miwa. Yeye hujaza kinywa, huinyunyiza ile pombe chini, na kusema: kama ni mimi niliyekasirika, hasira hii na itoke, mtoto apone. Huko ndiko kutasa. Lakini ni lazima aitoe kweli. Akitema pombe na hasira ikabaki, ametema pombe tu.

Vita vya Mjerumani vilipokuja, huku chini palijaa kambi za askari, na reli ya kwenda Taveta ikaanza kujengwa. Serikali ilitaka wapagazi, na kila mwanaume aliyekuwa na mabega alionekana anafaa. Baba alichukuliwa. Aliondoka na mzigo wa askari kichwani kuelekea upande wa Taveta, na hatukumwona tena. Mmoja wa wenzake waliorudi alisema walimwacha kando ya njia akiharisha damu. Mwingine alisema alimwona mbele zaidi, akiwa mzima. Hakuna aliyesema amemzika, na hilo ndilo lililotuponza.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba wa tumbo moja, yeye hakuchukuliwa. Alikuwa akiwapelekea askari kabichi na nyanya, na jeshi halimbebeshi mizigo mtu anayelilisha. Tangu baba aondoke yeye ndiye aliyefungulia maji kwa zamu ya baba, na mwanzoni aliyaleta kwetu. Kisha askari wakaongezeka, kabichi zikawa hazitoshi, na maji ya zamu yetu yakaanza kuishia shambani kwake.

Hapa nieleze desturi, maana yote yaliyofuata yalifanywa kwa desturi. Mjane kwetu alishika zamu ya marehemu mumewe hadi kufa kwake, na shemeji yake alilazimika kumzibulia mfereji. Lakini mke ambaye mumewe yuko safarini hakuwa na zamu. Zamu ya msafiri ilimngoja mwenyewe, na wakati inamngoja, ilikaa mikononi mwa ndugu yake. Mama aliwaendea wazee akaomba baba ahesabiwe amekufa, matanga yakaliwe, anyolewe nywele, awe mjane kama wajane wengine. Wazee wakasema ni juu ya ndugu yake kutamka. Na baba mdogo alisimama mbele yao machozi yakimlengalenga, akasema hawezi kumzika kaka yake akiwa hai. Kaka akirudi akakuta ameliliwa, atamwambia nini? Wazee walitikisa vichwa kwa huzuni. Walimwona mtu mwenye kumpenda nduguye. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, husema watu. Huyu mzaliwa naye hakukubali hata kwamba baba amekufa, alimweka hai na akanywesha kabichi kwa maji yake.

Mama hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele, na mimi ndiye niliyerithi midomo isiyojulikana imetoka wapi. Alibeba maji kwa mtungi kutoka bondeni, akamwagia mche mmoja mmoja, na maharagwe yakafa hivyo hivyo. Mahindi yalijikunja. Kutoka shambani kwetu uliweza kuona shamba la baba mdogo upande wa pili wa korongo, kijani kibichi, na mama alikuwa akilima amelielekezea mgongo.

Baba mdogo alikuwa na binti mdogo, mtoto wa mwisho, aliyependa kuja kwetu kuliko kukaa kwao. Alikuwa akimfuata mama nyuma, ameshika ncha ya nguo yake, akiongea peke yake. Mama hakumhesabia kosa la baba yake hata siku moja. Mahindi machache tuliyopata, la kwanza kuchomwa lilikuwa lake. Mtoto huyo akaugua. Alichemka mwili, akakataa kula, akawa hatambui watu. Mbuzi akachinjwa, utumbo ukasomwa, na jibu lililotoka lingeweza kutolewa na mtu yeyote mlimani bila kupoteza mbuzi: kuna mtu wa nyumba ya pili mwenye hasira moyoni.

Baba mdogo alikuja asubuhi na kibuyu, na mkewe nyuma yake. Nilimvuta mama pembeni nikamwambia sasa ndio wakati. Akupe zamu kwanza, ndipo utase. Nilikuwa msichana mkubwa tayari, na nilijiona mwerevu sana. Mama alinitazama kama niliyemwambia amwuze yule mtoto.

"Ukiiuza hasira haijatoka," aliniambia. "Imebadilisha jina tu."

Lakini hakutasa pale pale. Aliwaambia wamngoje. Akaenda shambani akaketi katikati ya mahindi yaliyojikunja, akakaa huko hadi jua likapinda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alikipokea kibuyu, akajaza kinywa, akanyunyiza, akayasema maneno kwa sauti iliyosikika hadi nyumba ya jirani. Baadaye aliniambia kwamba asubuhi asingeweza, kwa sababu bado ilikuwemo, na kwamba kuitoa kulimuuma kuliko kuzaa. Nilimwamini. Kwa siku nyingi baada ya hapo alikuwa mwepesi, akawa hata anaimba akitwanga. Mtoto alipona. Alirudi kushika ncha ya nguo yake.

Mama alingoja. Alidhani aibu itafanya kazi yake yenyewe, kwamba mtu aliyerudishiwa mtoto bure hatahitaji kukumbushwa maji. Yalipokaribia majira mengine ya kupanda na hakuna kilichobadilika, alikwenda tena kwa wazee. Mimi nilikuwepo, nimekaa nyuma na wanawake. Alisema maneno machache, kwa adabu, kwamba anaomba zamu ya nyumba yake.

Baba mdogo hakukasirika. Laiti angekasirika. Aligeuka akamuuliza taratibu, mbele ya watu wote, "Shemeji, ulitasa au hukutasa?"

"Nilitasa."

"Kwa moyo?"

"Kwa moyo."

"Basi hasira uliitoa. Hii unayodai nayo leo umeitoa wapi?"

Ninaweza kuliona jambo lile sasa kama nilivyoliona siku ile, jinsi lilivyofungwa vizuri pande zote. Akisema bado ana kinyongo, basi alitema pombe tu, alidanganya juu ya mtoto mgonjwa, na mtoto akiugua tena ni yeye. Akisema hana kinyongo, basi hana dai. Mzee wa ukoo akamaliza kwa sauti ya upole kwamba tunamshukuru shemeji yetu kwa moyo wake safi, na kwamba wote tumeshuhudia hana hasira na mtu. Wakanywa pombe. Mama alipewa ya kwanza, kwa heshima.

Nilipandwa na hasira ambayo hakuna aliyekuja kuniomba niitoe, kwa sababu hasira ya msichana haiogopwi. Hapo ndipo nilipokubali kuolewa Voi. Mume wangu alikuwa akipanda milimani kununua ndizi, alikuwa ameniposa, na mama alikuwa akisitasita kwa sababu ya dini. Nilimwambia nataka. Nilisilimu, nikajifunza kuvaa buibui na kupika kwa nazi, na nilipomsikia mara ya kwanza akisema watu hukaa kwa kuhitajiana nilimpenda kwa maneno yale. Nilifikiri nimefika mahali ambapo angalau husema wazi.

Kisha vita vikaisha na ile homa kubwa ya mafua ikaja. Voi watu walianguka kama waliopigwa, na mume wangu akanipandisha mlimani kwa mama, akidhani juu kuna usalama. Hakukuwa na usalama popote. Nilikuta nyumba ambazo hazitoi moshi. Mama alikuwa mzima, amekonda, bado anabeba mtungi. Nami sijamaliza hata kupumzika, baba mdogo akatokea kwenye kijia na kibuyu, peke yake, akitembea upesi. Yule binti ameshikwa na homa, alisema. Hakuwa hata amechinja mbuzi. Alijua mwenyewe pa kwenda.

Mama alisimama mlangoni. Akamwambia, "Nitatema nini, shemeji? Mlishuhudia mbele ya wazee kwamba sina."

Sikuwahi kumsikia akisema kitu kama kile. Baba mdogo alipiga magoti. Akamwambia achukue zamu, achukue na ya kwake yeye, achukue mfereji mzima. Alikuwa akilia, na safari hii machozi yalikuwa ya kweli, hilo siwezi kumnyima. Mama alisema hataki mfereji mzima. Alitaka jambo moja: aende kwanza akawaambie wazee kwamba alipodai maji alikuwa na haki, na kwamba mtu anaweza kutoa hasira yote na haki yake ikabaki palepale. Wakija wakasema hivyo, atatasa hapo hapo. Na akakipokea kibuyu, kuonyesha kwamba hatanii.

Ilikuwa haki tupu. Hata leo sijui angewezaje kuomba pungufu ya hapo. Baba mdogo alikimbia. Lakini wazee nao walikuwa wamelala na homa, mmoja huku, mwingine kule ng'ambo, na ilibidi awatafute mlango kwa mlango na kuwashika mikono. Mama alikaa kizingitini na kibuyu mapajani. Nilimwona akikifungua na kukifunga. Jua lilikuwa bado juu tuliposikia kilio kutoka upande wa pili wa korongo, sauti ya mkewe baba mdogo, na mama akajaza kinywa papo hapo akanyunyiza, akajaza tena akanyunyiza, akisema yale maneno haraka haraka, hadi pombe ikaisha. Ilibidi nimnyang'anye kibuyu.

Hakuna aliyemlaumu waziwazi. Mazishi yalikuwa mengi mno mlimani kwa watu kuchagua wa kumlaumu. Baba mdogo alipata mtoto mwingine baadaye, akaanza kwenda misheni, akabatizwa. Akawa anasema kwamba habari za kutasa ni za gizani, na kwa kuwa ni za gizani, yale aliyoahidi siku ile akiwa amepiga magoti nayo yalikuwa ya gizani. Mfereji alibaki nao. Kisha siku moja alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba amemsamehe shemeji yake. Niliambiwa watu waliguswa sana. Ukoo wetu ulikaa kwa amani, hakuna aliyegombana, na mgeni angepita pale angesifu umoja wetu. Nikimsikia mume wangu barazani akisema ni faida inayoshika watu, na yule mwalimu akisema ni maadili, nilitaka kuwaambia kwamba kwetu vilikuwa vyote viwili: baadhi walikuwa na faida, na mama alikuwa na maadili. Mlima ulitulia kwa sababu yeye aliamini na wao hawakuamini kwa kiasi kile. Wangeamini wote kama yeye, tungekuwa na haki. Asingeamini hata yeye, tungekuwa na ugomvi, na pengine maji.

Niliposema hivyo kwa mume wangu, mara moja tu, alisema basi mama yako angefanya biashara tangu mwanzo. Sikumsemesha kwa muda mrefu.

Mama alishuka Voi kukaa nami aliposhindwa na shamba. Hakusilimu, hakubatizwa. Mume wangu alimtendea vizuri, na wajukuu walimshika ncha ya nguo, na kila waliposhika niliona uso wake unavyogeuka. Aliamini amemwua yule mtoto. Hakulisema, ila mtoto yeyote wa mtaani akipata homa hakula hadi apone. Niliishi na jambo hilo miaka, nikitafuta namna ya kumtua mzigo huo.

Basi alasiri moja tukichambua mchele uani aliniuliza kama ile homa iliua watu na hapa Voi pia. Nikamwambia iliua sana. Iliua Waislamu, iliua Wahindi, iliua Wakamba waliokuja na asali, iliua hata Mzungu mmoja wa reli. Akauliza, "Wote hao, nani aliwakasirikia?"

Nikasema hakuna, mama. Ilikuwa homa tu. Nilisema upesi, nikifurahi, kwa sababu niliona amefika mwenyewe mahali nilipotaka kumfikisha. Hasira haiui mtu, nikamwambia. Mtoto yule angekufa hata ungetasa asubuhi, hata ungemnywesha pombe yote ya mlimani. Hukumwua.

Alitoa chuya mbili tatu katika mchele, akaziweka kando.

"Na mara ya kwanza?" akauliza. "Alipopona?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo ndipo nikaona nilipompeleka. Nilimkumbuka akirudi kutoka kwenye mahindi, macho mekundu. Kitu kigumu kuliko vyote alivyowahi kufanya, alichokifanya bure, kwa moyo wote, na ambacho kwa ajili yake alinyang'anywa maji, shamba na neno la kujitetea. Niliinamia ungo.

"Hapana," mama akasema. "Yule mtoto nilimponya mimi. Basi na aliyemwua ni mimi."